Swichi ya Hatua ya Saba

Wanawake wa kanisani kwetu Mulanda walipomuuliza mama yangu siku hizi ninafanya kazi gani, alijibu kwa maneno mawili: "Yupo tu." Nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi Tororo mjini, jibu lilikuwa refu. Walisikia darasa ninalofundisha, somo ninalolipenda, hata rangi ya sweta za wanafunzi. Kisha nikaacha ualimu, nikahamia Busia kutengeneza gemu za simu, na mama akanikunja akaniingiza ndani ya yale maneno mawili. Yupo tu. Kama mtu anayeugua ugonjwa usiotajwa. Iliniuma, na sitajifanya kwamba haikuniuma.

Wacha nieleze kazi yenyewe, maana naipenda na naijua. Gemu yetu ni ya kuruka. Mtu mdogo anakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, anaruka mashimo, anapanda matofali, anafika mlangoni, na hapo hatua moja imekwisha. Njiani kuna swichi. Akiikanyaga, hatua nzima inabadilika: matofali ya njano yaliyokuwa kivuli tu yanakuwa magumu, na ya kijani yaliyokuwa magumu yanageuka hewa. Akiikanyaga tena, kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Mchezaji anaona kitufe kimoja. Mimi ninayepanga naona hatua mbili zilizolala mahali pamoja, na kila tofali lazima liwe na kazi yake katika zote mbili, la sivyo mchezo unaanguka. Hiyo si kazi ya mtu aliyepo tu.

Mwenzangu alikuwa msichana wa Busia upande wa Kenya. Mimi nilipanga hatua na kuchora, yeye aliandika programu. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya saluni upande wa Uganda, kwa hiyo kila asubuhi alivuka mpaka kuja kazini na kila jioni akavuka kurudi kwao, akilalamika kwamba anatembea nchi mbili ili kumsaidia mtu wa Mulanda kuhesabu matofali. Nilimwambia ashukuru, miguu yake imenyooka kwa sababu yangu.

Mama yangu naye ana kazi yake, nayo ni kubwa. Bondeni kwetu tunalima mpunga, na maji yote yanatoka kwenye mfereji mmoja. Mlangoni pa kila shamba kuna gunia la udongo. Zamu yako ikifika, unaliondoa gunia, maji yanageuka na kuingia kwako. Ukitosheka, unalirudisha gunia mahali pake kabla hujanawa miguu, ili maji yateremke kwa wa chini. Hakuna karatasi wala mlinzi. Kuna mama yangu tu, ambaye wakulima walimchagua kugawa zamu, na ambaye akiona gunia limeachwa kando anaweza kukufuata hadi jikoni kwako.

Siku moja alikuja Busia kuuza mchele, mvua ikamkuta, akajibanza chumbani kwetu. Alikuwa hajawahi kuingia. Akakaa kwenye ukingo wa kiti na mkoba magotini, akiangalia kompyuta zetu mbili kama mtu aliyekaribishwa kwa majirani asiowaamini. Nilikuwa na hofu. Nilijua kwamba atakachokiona siku hiyo ndicho kitakachofika kanisani.

Mwenzangu, ambaye haogopi mtu, akamwekea simu mkononi. "Mama, jaribu gemu ya binti yako. Hii ndiyo hatua ya saba, ile anajivunia sana."

"Mimi sijui hii kitu."

"Ni rahisi, Mama. Hapa unaenda, hapa unaruka."

Na mama akaenda, akaruka. Alianguka mara tatu, akacheka kidogo, nikaanza kupumua. Akaikanyaga swichi, daraja la matofali ya njano likatokea juu ya shimo, akavuka. Mlango ulikuwa palepale mbele yake. Ndipo akageuka. Akarudi juu ya daraja lile lile hadi kwenye swichi, akaikanyaga tena. Daraja likatoweka, na mama akabaki upande wa mwanzo.

"Sasa mimi napita wapi?"

Mwenzangu alicheka hadi akashika meza. "Mama, si ulikuwa umeshavuka! Ungeingia tu!"

"Na ile mtu nakuja nyuma, yeye itapita wapi?"

"Hakuna mtu nyuma, Mama. Ni wewe peke yako."

Mama akaiweka simu mezani taratibu. "Basi hii mchezo ilitengenezwa na mtu mchoyo."

Hatua ya saba niliipanga mimi, kila tofali lake. Mama alilijua hilo, alikuwa ameambiwa dakika tano tu zilizopita. Mvua ilipokatika nilimsindikiza hadi stendi nikiwa nimenuna, naye akanipa tu mfuko wa mchele kama kawaida. Njiani kurudi nilimjibu kwa sauti, peke yangu, hoja nzuri sana ambazo hakuwepo kuzisikia.

Hasira yangu ilidumu siku mbili. Siku ya tatu, nikiwa naichezacheza hatua hiyo ili nijihakikishie kwamba ni nzuri, nikakumbuka kitalu cha miche cha jirani yetu wa chini. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Mama alinituma kulirudisha gunia, nikapotelea kwenye kuruka kamba na wenzangu. Kesho yake miche ya yule jirani ilikuwa imelala chini. Mama hakunichapa. Alinipeleka kwake nikaomba radhi, kisha akanipa dumu, nikabeba maji ya kumwagilia miche ya watu mpaka ikasimama. Nilibeba nikilia, lakini tangu siku ile sijawahi kuliacha gunia kando. Na sasa, mtu mzima, niliyewahi kuwa mwalimu, nimepanga hatua ambamo anayelirudisha gunia anajifungia nje. Niliona aibu. Nilikuwa nimejifunza swichi kutoka kwa gemu za watu wengine, na mle mchezaji huwa peke yake duniani, akipita amepita.

Tulibomoa hatua ya saba. Mwenzangu alibisha wiki nzima. "Gemu ni kusonga mbele, bana. Nani anataka kujali aliye nyuma?" Nikamwambia aandike tu, hatua mpya isipomchekesha kama ile ya kwanza nitamnunulia chai mwezi mzima. Tukaweka watu wawili wadogo. Wa kwanza anavuka kwa matofali ya njano, wa pili anakuja nyuma yake kupitia njia ya chini, na njia hiyo ni ya kijani. Ng'ambo ya shimo nikaweka swichi ya pili, ili aliyevuka aweze kurudisha mambo bila kujifungia. Asipoikanyaga, yeye anafika mlangoni salama, lakini mwenzake hana pa kukanyaga, na mlango haufunguki mpaka wafike wote wawili. Hakuna maandishi ya kukuelekeza. Nilikataa katakata kuyaweka.

Tukawapa watu wajaribu. Vijana wa mjini, mabingwa wa kila gemu ngumu, walifika mlangoni haraka wakasimama hapo, wakiugonga na kuitukana simu. Siku ya soko akaja mama mmoja wa Lunyo, kijiji cha wakulima wa mpunga kama sisi, aliyekuwa akiuza mihogo mbele ya saluni, mtu ambaye hajawahi kushika gemu. Alianguka sana. Lakini alipofanikiwa kuvuka, aliikanyaga swichi ya ng'ambo bila hata kuitazama, kama mtu anayefunga mlango wa banda la kuku, akaendelea. Mlango ukafunguka. Wakulima wawili kutoka Masinya, nako wanagawana maji kwa zamu, wakafanya vivyo hivyo. Mwenzangu aliwatazama wote, mikono kichwani.

"Haki, nyinyi watu mlizaliwa mkiijua hii hatua."

"Sisi watu ndio tumeitengeneza," nikamjibu, na moyo ulinijaa hadi nikatoka nje kusimama kidogo.

Wakati wa palizi nilikwenda Mulanda nikiwa na simu. Mama alikuwa ameketi kwenye tuta, miguu ndani ya maji. Nilimpa bila kumweleza chochote. Akacheza, akaanguka, akavuka, akaikanyaga swichi ya ng'ambo, akasubiri wa pili afike, wakaingia mlangoni pamoja. Akanirudishia simu. "Haya," akasema, akashika jembe.

Haya tu! Nilisafiri safari yote ile kwa ajili ya haya. Nikaingia shambani nikang'oa magugu kwa hasira, mengine na mpunga wake.

Jioni yule jirani wa chini, mwenye miche yangu ya utotoni, alipita akitoka kwake. Akanisalimia, kisha akamgeukia mama na kumuuliza, kwa lugha yetu, huyu binti siku hizi anafanya kazi gani huko Busia. Niliinama zaidi. Nilikuwa tayari nimeyasikia yale maneno mawili.

"Anagawa zamu za maji," mama akasema. "Kazi yangu ileile. Ila yeye anagawia watu asiowajua, na hakuna anayepita kwake kama hakumwachia njia mwenzake."

Jirani akauliza ni mfereji gani huo. Mama akamwambia aje akae, binti atamwonyesha, na akaanza kueleza habari za matofali ya njano na ya kijani, jibu refu, bila kuacha kitu. Zamu yetu ya maji ilikuwa imekwisha. Nikapanda tuta, nikaenda kulirudisha gunia.