Shuka la Mama Sabina

Sisi tuliokulia Kibaoni pale Ifakara, miaka ile ya tisini, Jumapili yetu haikuisha padri akishatoa baraka. Iliendelea nyumbani. Tukishakula wali, na wali wa Jumapili ulikuja na kambale wa kukaushwa aliyeungwa nazi, watoto tulitandika mkeka upande wa nyumba wenye kivuli. Mama akatoka na kikapu chake cha nyuzi. Haikupita muda utasikia, "Hodi wenyewe! Mmeshashiba?" Huyo alikuwa mama Oswin, jirani yetu, sindano ya kroshia kaichomeka kwenye kilemba. Nyuma yake angefuata Mwalimu Halima kutoka Viwanja Sitini, juu ya baiskeli yake ya kike, mfuko wa sufu umening'inia kwenye usukani.

Wakishasalimiana, swali lilikuwa moja tu: "Enhe, umefikia wapi?"

Siku hizi watu wakiulizana hivyo wanamaanisha kiwanja, au gari. Kwa wale wanawake watatu ilikuwa kazi ya mikono. Mama Oswin alikuwa anafuma vitambaa vya makochi, na hakuwa na kochi hata moja. Alikuwa na viti viwili vya mbao na kigoda. Ukimcheka anakujibu, "Kochi likija litakuta nguo zake zinalisubiri." Mwalimu Halima alifuma masweta. Masweta, Ifakara! Mji ambao jasho linakutoka ukiwa umekaa kimya. Mama alimuuliza siku moja anamfumia nani, naye akasema, "Nikishika sufu nakumbuka kwetu milimani, roho inapoa." Basi wakacheka mpaka mama Oswin akapoteza hesabu ya vitundu, ikabidi afumue mistari miwili.

Mimi kazi yangu ilikuwa kunyoosha mikono mbele kama mtu anayepokea mtoto, uzi ukazungushwa hapo, mama akauviringisha kuwa donge. Mikono ilichoka, lakini sikutaka kuondoka. Wenzangu walikuwa wanacheza rede, au wanabingirika kwenye mlima wa pumba nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, wanarudi wanawashwa mwili mzima. Mimi nilikaa pale nikisikiliza. Nilipenda namna walivyozungumza bila kutazamana, macho kwenye sindano, maneno yakitoka taratibu. "Hapo ruka vitundu vitatu." "Mimi naruka viwili, ua linakaa vizuri zaidi." "Na yule binti wa mashineni, ameolewa?" "Ameolewa. Vuta uzi huo, umelegea."

Mama alikuwa anafuma shuka la kitanda. Alilianza nikiwa darasa la kwanza, akalimaliza nikiwa la nne. Lilikuwa la dada yangu Sabina, kifungua mimba, ambaye kufikia hapo alikuwa amepata mchumba na siku ya ndoa ilikuwa inasubiri mavuno. Mama alifuma ua moja moja, jeupe, kubwa kama sahani ya chai, halafu akayaunganisha. Uzi aliupata kwa kukaanga vitumbua alfajiri. Alipofika kona ya mwisho uzi ule ukaadimika madukani, akapata mwingine ambao haukuwa mweupe sawasawa, umeelekea rangi ya maziwa. Kona ile ilimkera sana. Mwalimu Halima akamwambia, "Iache. Mtu akiiba, utaitambua kwa kona."

Siku alipofunga uzi wa mwisho waliliinua wote watatu, kila mtu na pembe yake, jua likapita kwenye matundu na kuchora maua chini kwenye vumbi. Mama Oswin akapiga kigelegele. Majirani wakatoka kutazama.

Baba hakuwepo siku hiyo. Baba alilima mpunga Mngeta. Mvua za kwanza zikianza anapanda treni, na kutoka hapo tunamwona mara moja kwa mwezi, labda mwezi na nusu. Mimi nilimpenda kupita kiasi. Alikuwa mtu wa vicheko, alikuja na miwa na perege wa kubanikwa, na alikuwa ananiita "mama mkwe". Pale kwenye mkeka walikuwa wanamuulizia kila Jumapili. "Baba Sabina hajambo huko Mngeta?" Mama anajibu, "Hajambo, anapigana na ndege waharibifu." Wenzake wanaitikia, "Haya, tunashukuru," halafu wanainamia sindano zao na kuhesabu vitundu kwa sauti.

Sasa siku moja baba alikuwa nyumbani, anafunga mizigo yake arudi shambani. Mama alikuwa amekwenda mashineni kukoboa. Baba akaniita.

"Mama mkwe, ufunguo wa sanduku la mama yako unaujua unapokaa?"

Nilikuwa naujua. Ulikaa kwenye kopo la majani ya chai.

"Nataka kulipeleka lile shuka kwa fundi, Mngeta kuna mmoja hodari, alitie pindo la hariri. Ila mama yako asijue. Nataka nimshtukize siku ya harusi. Utaweza kutunza siri?"

Niliweza. Niliweza kuliko alivyotegemea. Shuka lilikuwa limefungwa ndani ya khanga pamoja na majani ya mwarobaini lisiliwe na wadudu. Nililitoa, nikampa, halafu kwa akili yangu mwenyewe, bila kutumwa, nikakunja blanketi kuukuu nikalifunga kwenye khanga ileile, fundo lilelile, mama akifunua sanduku asishtuke. Baba akanipapasa kichwa. "Una akili wewe." Kwa miezi miwili nilitembea na siri ile kifuani kama mtu aliyemeza pipi nzima. Mama akiwa anafua au anapepeta mchele, namtazama, najisemea: subiri tu.

Kisha baba yake mdogo mama akafariki, kijijini huko huko upande wa Mngeta. Tukapanda treni, mama na mimi.

Tulipofika, baba alikuwa ameshakwenda na wanaume kuchimba kaburi. Uwanjani wanawake wa jumuiya walikuwa wanaandaa meza ya misa. Katekista alikuwa ameomba kitambaa cheupe kilicho safi, na mtu fulani kati ya majirani alikuwa ameleta. Kikatandikwa. Mimi nikatazama, na moyo ukaniruka kwa furaha. Nikasahau msiba, nikasahau siri.

"Mama! Shuka letu!"

Watu wakageuka. Mama akanibana mkono. "Nyamaza. Yanafanana."

"Siyo, mama, ni lenyewe, baba alilipeleka kwa fundi—"

"Nimesema yanafanana."

Lakini alisogea mezani, kama mtu anayenyoosha kitambaa kilichokunjamana. Akaishika kona ya kwanza, akaiacha. Akaishika ya pili. Alipofika ya nne nilimwona kidole chake gumba kikipita juu ya uzi wa rangi ya maziwa, kikarudi, kikapita tena. Akainyoosha kona vizuri ikaning'inia sawa na zile nyingine. Akarudi kukaa, na misa ilipoanza akaimba. Mama alikuwa na sauti. Aliimba nyimbo zote mpaka mwisho.

Wanaume walirudi kutoka kaburini katikati ya misa, matope miguuni. Baba akasimama nyuma. Nilimpungia mkono. Akatazama meza, akamtazama mama, halafu akaweka jembe begani na kuondoka taratibu kama mtu aliyesahau kitu shambani.

Baada ya maziko wanawake walikaa kuosha vyombo. Mmoja akasema, "Jamani, lile shuka lilipendeza. La nani?"

"Langu," akajibu mwanamke kijana, mtoto mgongoni. Mtoto yule alikuwa na paji la uso la dada yangu Sabina. Hata mimi niliona.

Mama akasogea na sufuria lake. Yule kijana akamwamkia kwa heshima, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umelifuma mwenyewe?"

"Hapana mama, mimi kufuma sijui. Baba Yohana, baba yake huyu mgongoni, aliniletea kutoka Ifakara. Amesema kuna bibi mmoja mzee kule anafuma."

Mama alikuwa na miaka thelathini na nane.

Alisugua sufuria kwa mchanga, akalisuuza, akalifunika juu ya majani. Kisha akamwambia, "Ukilifua, usilipige kwenye jiwe. Liloweke, likamue taratibu, ulianike kivulini. Lina kazi ya mtu."

"Asante mama," akasema yule dada, na alishukuru kweli. Hakuwa anajua lolote.

Kwenye treni ya kurudi mama aliniuliza jambo moja tu, ufunguo aliutoa nani. Nikamweleza vyote, pindo la hariri, harusi, blanketi kuukuu. Nilingoja kofi. Angenichapa siku ile ningekuwa nimepona. Akasema, "Wewe ni mtoto," akageukia dirishani, na mashamba ya mpunga yakapita, yakapita, yote yameiva.

Baba alikuja baada ya wiki. Mama alimwekea chakula na maji ya kunawa. Akiwa ananawa, akamwambia, "Baba Sabina, shuka la mwanao nimeliona."

Baba akanawa mkono wa kulia. Akanawa wa kushoto, ambao haukuwa na kazi.

"Uzi tu ule, mama Sabina. Utafuma jingine."

Hakuna aliyepiga kelele. Baba alikula, akasema mboga imekolea. Sabina aliolewa baada ya mavuno kwa blanketi la dukani lililokuwa bado ndani ya nailoni yake.

Lakini sicho nilichokaa kuandika. Baba wa namna ile wengi mnao, na wengine mmekuwa wenyewe. Nilitaka kuisimulia ile Jumapili iliyofuata.

Nilitandika mkeka kama kawaida. Mama Oswin akapiga hodi, Mwalimu Halima akaegesha baiskeli ukutani. Mama alitoka akakaa. Hakuwa na kikapu. Mikono yake ilikaa mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

"Leo unaanza nini, mama Sabina?" akauliza mama Oswin, kwa sauti ya uchangamfu iliyozidi kidogo.

"Sianzi kitu." Kisha akasema, "Nyie mlijua?"

Mwalimu Halima aliacha kufuma. Mama Oswin akaendelea, sindano ikiingia na kutoka.

"Kujua nini sasa, dada? Watu wanasema mengi."

"Mama Oswin. Mlijua?"

Sindano ikasimama. "Tulijua. Kaka yangu analima jirani nao. Tangu mtoto hajazaliwa."

"Na wewe, Mwalimu?"

Mwalimu Halima akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakujitetea.

"Kwa hiyo kila Jumapili mnakaa hapa," mama akasema, "mnaniuliza nimefikia wapi. Mnanisifia ua. Mnaniuliza baba Sabina hajambo."

"Tungeanzaje?" mama Oswin akasema. "Tuliogopa kukuvunjia nyumba."

"Nyumba ilishavunjika. Mlikuwa mnanisaidia kuipamba."

Akasimama, akasubiri. Wakaelewa, wakainuka, na mama akaukunja mkeka kabla vumbi la miguu yao halijatulia. Mwalimu Halima alirudi mara mbili. Mama alimpokea akiwa amesimama mlangoni, akamwitikia salamu zote, hakumkaribisha ndani. Mara ya tatu hakuja. Mama Oswin alianza kukatiza nyuma ya nyumba yake ili asipite mbele ya kwetu. Mimi Jumapili nilianza kwenda kubingirika kwenye pumba na wenzangu, nikagundua kwamba nimeshakuwa mkubwa kwa mchezo ule.

Baba alihamia Mngeta moja kwa moja mwaka uliofuata. Mama alitusomesha kwa vitumbua. Miaka mingi baadaye nilimuuliza mama kwa nini alimsamehe baba, maana alimuuguza alipozeeka, lakini wale wawili hakuwasamehe kamwe. Akasema, "Baba yako nilikuwa naye kwa ndoa. Wale niliwachagua mwenyewe." Mama Oswin alipofariki, alikwenda mazikoni, akakaa nyuma, akaondoka bila kula.

Sasa mama anaishi kwangu, Morogoro. Binti yangu Neema yuko kidato cha pili na kufuma kumerudi kuwa fasheni. Ana kundi kwenye simu, mabinti mia na kitu, wengi hajawahi kuwaona. Wanaonyeshana picha kutwa. Kuna aliyemfumia mbwa wake kofia, akapongezwa kwa mioyo myekundu kama amejenga zahanati. Kuna anayeanza kazi kumi na hakuna hata moja anayoimaliza, ila picha za mwanzo anazo zote. Namcheka Neema, naye ananicheka. Rika langu wanapolalamika kwamba vijana hawajui tena kukaa pamoja, naitikia kwa kichwa. Ni kweli tulikaa pamoja. Tulijuana mpaka harufu ya sufuria ya jirani. Wa leo akimficha mwenzake jambo, mara nyingi ni kwa sababu hajui hata anapoishi. Wetu walijua mlango, walijua sanduku, walijua mpaka rangi ya uzi, wakakaa nasi mkeka mmoja na kunyamaza.

Juzi Neema alikuwa anajaza fomu ya shule, sehemu ya mambo anayopenda mwanafunzi nje ya masomo. Akamgeukia bibi yake aliyekuwa anaota jua barazani.

"Bibi, na wewe ulipokuwa kijana ulikuwa unapenda nini?"

Mama akajigeuza kumwelekea.

"Nilikuwa napenda watu," akasema. "Nikaacha."