Ujumbe wa Bibi kwa Mwalimu wa Kilimo

Juzi nilipofika likizo mama alinituma kuni, na njia ya kuni inapita nyuma ya shule yangu ya msingi. Sikuwa nimepita pale tangu nimalize darasa la saba. Upepo ulikuwa ule ule wa kwetu Ufipa, wa kupasua midomo, na moshi wa jiko la shule ulinukia maharage yaliyoanza kuungua chini, kama zamani. Nikasimama. Hasira niliyodhani nimeiacha pale ikanipanda upya, nzima, haijapungua hata kidogo. Ndiyo maana naandika. Mbele ya watu mimi siwezi kusema kitu, mdomo wangu mzito tangu utoto, lakini wewe unayesoma nakuchukulia kama rafiki wa siku nyingi.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, katika nyumba yetu ya zamani juu ya mteremko, kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara. Mvua zikishalainisha ardhi, mwezi wa pili hivi, bibi alilima ntumba. Unakata nyasi mbichi zikiwa ndefu, unazilaza kwa duara, halafu unazifunika kwa udongo mpaka upate tuta linalokufika magotini. Juu yake unapanda maharage. Ndani nyasi zinaoza taratibu, na ukiingiza mkono unasikia joto, kama umeshika tumbo la mbuzi. Msimu mwingine unabomoa matuta, unautawanya ule udongo mweusi na kusia ulezi. Bibi alikuwa akisema kwamba ardhi nayo hula, tena haipendi kulishwa majivu. Jioni tulikula ugali wa ulezi na maharage mabichi, na wachuuzi wakipanda kutoka Kirando, kule ziwani, tuliongeza dagaa. Sijawahi kulala njaa kwa bibi.

Shuleni ilikuwa elimu ya kujitegemea. Kila darasa lilikuwa na kipande chake cha shamba, na asubuhi kabla ya masomo tulibeba maji kwa madebe kwenda kumwagilia kitalu cha miti. Mwalimu wa kilimo ndiye aliyeanzisha kitalu hicho. Alikuwa kijana, mgeni kutoka upande wa Mbeya, suruali imenyooshwa pasi hata siku ya kulima. Alituambia nchi yetu iko uchi, kila shule lazima ipande miti. Kwa hilo alikuwa na haki, siwezi kumnyima. Nilipenda ile miche iliyopangwa kwenye viriba, na harufu ya udongo uliomwagiwa maji kabla jua halijawaka.

Nilipokuwa darasa la sita kikundi chetu cha wasichana kilipewa kipande chenye nyasi nyingi. Wenzangu hawakujua waanzie wapi, wengi walikuwa watoto wa mjini Sumbawanga walioletwa kwa ndugu zao. Mimi nikaanza tu kulaza nyasi na kufukia, bila kusema neno, nao wakanifuata. Kufikia Ijumaa matuta yalikuwa yamejaa kipande chote. Nilijisikia mtu.

Mwalimu alikuja, akasimama, akavua kofia.

"Poleni sana," akasema. "Nani amefiwa?"

Tukatazamana.

"Si naona makaburi hapa? Nani kawafundisha?"

Wakaninyooshea vidole. Akaniuliza aliyenifundisha mimi, nikasema ni bibi, kwa sauti ya panya.

"Basi kamwambie bibi yako hapa tunafundisha kilimo cha kisasa, hatuziki watu."

Shule nzima ikacheka. Tukaamriwa kubomoa yote, kuzitoa nyasi na kuzichoma. Zilikuwa mbichi, zikatoa moshi mzito, nami nikaushukuru ule moshi kwa sababu kila mtu alikuwa anatokwa machozi. Kuanzia siku hiyo wavulana waliniita Mchimba Makaburi. "We Mchimba Makaburi," alikuwa akinifuata mmoja wao njiani, "mimi nikifa unipimie vizuri, miguu yangu mirefu."

Hayo ningeyasamehe. Lililofuata sikulisamehe. Siku ya wazazi, bibi alisimama mbele ya watu wote. Hakugomba. Alieleza pole pole, kwa Kifipa, kwa nini nyasi zinafukiwa na hazichomwi. Mwalimu alimsikiliza mpaka jirani yetu alipomaliza kumtafsiria, akatabasamu.

"Shikamoo, bibi. Kaa tu upumzike. Tungefuata kilimo chenu, taifa lingekufa njaa."

Watu wakacheka. Hata majirani waliokula maharage ya bibi miaka yote, walicheka. Bibi akajibu, "Marahaba," akakaa, akafunga upya kitenge chake ambacho hakikuwa kimelegea. Njia nzima ya kurudi nyumbani alizungumza habari za kuku. Mimi nilitembea nyuma yake nikiapa kwamba yule mtu atalipa.

Niliwaza mengi. Niliwaza upupu kwenye kiti chake. Niliwaza kumtolea upepo baiskeli. Niliyaandika yote kwenye daftari, na sikuthubutu hata moja.

Halafu nafasi ikaja yenyewe. Mwezi wa kumi na moja mwalimu aliunganisha vipande vyote vya shamba kuwa kimoja. Alikuwa anamtarajia mkaguzi, akataka shamba lipendeze likitazamwa kutoka barabarani. Basi tulichoma majani yote, tukapiga matuta marefu yaliyonyooka kama mistari ya daftari, kutoka juu ya mteremko mpaka bondeni. Chini kabisa ndipo kilipokuwa kitalu. Miche ilikuwa imeshafika kiunoni mwa mtoto, ikingoja mvua ipandwe.

Bibi alipita pale akitoka kusaga. Alisimama muda mrefu na mzigo wake kichwani. Jioni akaniita.

"Kesho mwambie mwalimu wako matuta yakingame, yasishuke na mteremko. Mvua kubwa ikija, maji yatafuata mifereji hiyo mpaka kwenye miti yenu. Mwambie kwa heshima. Na usiseme bibi ndiye amesema, sema umewaza mwenyewe."

"Ndiyo, bibi."

Kesho yake nilimkuta mwalimu peke yake kitaluni, anang'oa magugu kwenye viriba. Nikasimama na debe langu. Akainua uso. Nakumbuka siku hiyo alikuwa mpole.

"Mbona umesimama? Una neno?"

Rafiki, usifikiri ni aibu iliyonizuia. Watu wote wangedhani hivyo. Maneno yalikuwa yapo tayari mdomoni, nimeyapanga tangu nyumbani. Nilimtazama, nikakikumbuka kile kitenge kikifungwa upya, nikayameza.

"Hapana, mwalimu."

Mvua ilikuja wiki hiyo hiyo, mchana, tukiwa darasani. Juu ya mabati ilinguruma hata mwalimu wa hesabu akaacha kufundisha. Ilipokatika tulikimbia shambani. Kila mfereji ulikuwa umekuwa mto. Mbegu za mahindi tulizofukia hazikuwepo, udongo haukuwepo, na kitalu kilikuwa tope tupu lenye viriba vichache vimelala kifudifudi. Mwalimu alisimama katikati, suruali imekunjwa, viatu mkononi.

"Nyinyi ni watoto wa wakulima," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyejua?"

Nilitazama chini. Moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma. Mwaka uliofuata hapakuwa na makande ya shule, na wale wadogo wa darasa la kwanza walirudi nyumbani mchana wakiwa wamejishika matumbo. Niliwaona. Niliwaonea huruma, na bado nilifurahi.

Jioni ya siku ile ya mvua bibi aliniuliza kama nilimwambia mwalimu. Nikasema, "Nilimwambia. Akanifukuza." Uongo ulitoka wepesi kuliko kweli zote nilizowahi kusema. Bibi akaendelea kupeta ulezi.

Kabla ya shule kufungwa mwalimu alikuja nyumbani kwetu. Alibeba jembe begani na sukari kwenye karatasi.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja unifundishe yale matuta."

Bibi alimjibu kwa Kiswahili, lugha ambayo aliitumia kwa shida.

"Mimi nilikutumia mtoto, mwalimu. Kwa heshima. Wewe ukamfukuza. Sasa unataka nini kwangu?"

Mwalimu akageuka kunitazama. Nilikuwa nimeshika ungo. Angeweza kusema neno moja tu, nami ningeumbuka palepale. Alinitazama, halafu akamgeukia bibi.

"Ni kweli, bibi. Nisamehe."

"Nenda salama," bibi akasema, na sukari akanituma nimrudishie. Nilimkuta njiani.

"Siku ile kitaluni ulikuwa na neno," akasema.

"Hapana, mwalimu."

"Haya."

Nilimchukia zaidi kwa kunifichia. Mwezi wa kwanza tulisikia amehamishiwa Mtowisa, kule bondeni kwenye joto, na sijamwona tena.

Mwaka ule ule tulihamishwa. Ile nyumba ya mteremkoni imebaki kuta, mashamba ya bibi yamekuwa shamba la kijiji linalolimwa kwa trekta, na harufu ya ile nyasi iliyoiva ardhini siisikii popote. Hakuna tena anayelima ntumba kwetu. Mtu mmoja alikuja na jembe lake mwenyewe kuomba afundishwe, ili awafundishe watoto wa shule nzima, nasi tukamrudisha na sukari yake.

Ya mwalimu siyajutii, naandika kweli. Alistahili. Lakini bibi alikufa msimu wa ulezi uliopita, akiamini kwamba yule kijana alimdharau mara mbili. Mara ya pili ilikuwa mimi.