Gaynor Ogden na Viti Vilivyobaki Vitupu

Gaynor Ogden ni mtu wa kuomba radhi. Umkanyage mguu wewe, samahani aseme yeye. Tumeuza pai pamoja kaunta moja hapa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, tangu wanangu wako shule ya msingi, na sikuwahi kumsikia akisema "nataka". Husema "kama haitakuwa taabu", au "kama kimebaki". Watu wengi wa huku wamelelewa hivyo, lakini Gaynor alizidisha. Siku ya harusi yake aliwagawia wageni keki mpaka ikaisha, yeye akala mkate.

Kitu kimoja tu alikitaka kweli. Kaka yake, Russell, alizaliwa na ulemavu wa akili, na tangu mama yao afariki Gaynor ndiye anayemnyoa, ndiye anayejua kwamba akianza kugonga meza kwa vidole basi jino linamuuma. Siku moja hospitalini walikutana na muuguzi aliyesomea kuwahudumia watu kama Russell. Yule muuguzi aliketi naye sakafuni, akamchoma sindano huku wote wawili wanacheka. Tangu hapo Gaynor alitaka kuwa muuguzi wa namna ile. Akajiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima, akasoma miaka miwili, vitabu vyake vikinuka kitunguu na pilipili manga.

Wenzake waliomba vyuo tangu majira ya baridi. Yeye hakuomba.

"Watanicheka, mpenzi," aliniambia. Huku kila mtu ni mpenzi, hata dereva wa basi hukuita hivyo. "Mama wa miaka arobaini na saba, mikono inanuka nyama."

Ukabaki mlango wa mwisho, ule wa Agosti. Matokeo yakishatoka, vyuo vyenye nafasi zilizobaki hufungua simu zao. Unapiga mwenyewe, unajieleza, na ukifaa unapewa nafasi papo hapo. Mtu mwingine hawezi kupiga kwa niaba yako, na Mungu anajua nilivyotamani kumpigia.

Matokeo yalitoka Alhamisi, na Gaynor alikuwa amefaulu vizuri. Asubuhi ileile alijifungia nyuma kwenye majiko na simu yake, mimi nikahudumia wateja peke yangu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Wamekukataa?"

"Hapana, mpenzi. Kijana mzuri sana yule. Kasema nafaa. Akaniuliza, nikuwekee nafasi?"

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia asijisumbue kwa ajili yangu. Kama kuna mtoto anayeihitaji zaidi, basi ampe yeye."

"Gaynor!"

"Akasema sawa, asante kwa kupiga simu."

Nilitaka kumpiga kwa koleo la pai. Yule kijana naye ni mtu wa hukuhuku, alipaswa kujua kwamba "usijisumbue" maana yake ni "ndiyo, tafadhali". Lakini simu zilikuwa zinamlilia masikioni, akayachukua maneno yalivyo.

Ndipo alipoingia mjomba wa Gaynor, Clifford, mkaguzi wa mabasi mstaafu, kufuata pai yake ya nyama na viazi. Clifford ana ugonjwa mmoja: kuuliza. Sheria ya huku inampa mtu yeyote haki ya kuiuliza ofisi ya umma habari ilizo nazo, nayo lazima imjibu, na Clifford ameitumia haki hiyo mpaka imechakaa. Ameuliza benchi la bustanini liling'olewa kwa amri ya nani. Ameuliza idadi ya bata bwawani. Mtaa mzima humcheka, na mimi ni mmoja wao.

Nikamweleza yaliyotokea. Akaweka fimbo yake kauntani, akamgeukia Gaynor.

"Nilijua! Mama yako alikuwa hivihivi. Alikata roho akimwomba daktari radhi."

"Mjomba, kuna watoto wanahangaika leo, na mimi nishazeeka..."

"Watoto gani? Mwezi wa sita niliwaandikia chuo. Niliwauliza hivi: mwaka jana, kozi hiyohiyo unayoitaka, simu zote za Agosti zilipokwisha, viti vingapi vilibaki bila mtu?"

"Jamani mjomba, umekwenda kuwasumbua watu wa watu!"

"Ndiyo kazi yao! Na wamejibu. Kumi na tisa, katika sitini."

Gaynor akashika ukingo wa kaunta. "Kumi na tisa?"

"Hicho kiti unachomwachia mtoto, binti yangu, kinakaliwa na vumbi. Na watu kama Russell wanakosa wauguzi."

"Kwetu tunasema mficha uchi hazai," nikadakia. Gaynor akaniuliza maana yake, nikamwambia, akawa mwekundu mpaka shingoni.

Safari hii hatukumruhusu kwenda nyuma. Clifford aliuziba mlango wa jikoni kwa mwili wake, na Gaynor akapiga simu tena palepale, sauti akaifungulia tusikie wote. Muziki wa kusubiri ukalia, ukalia tena. Foleni ya wateja ikarefuka mpaka barabarani. Mngoja pai wa huku halalamiki, hutazama dari tu, lakini niliona masikio yote yamesimama.

Mara hii alipokea mwanamke. Akauliza maswali yake, Gaynor akajibu, akamsimulia habari za Russell na kugonga meza.

"Sawa, Gaynor. Je, nikuwekee nafasi?"

Mdomo wa Gaynor ukafunguka. Nilizijua zile "kama haitakuwa taabu" zinavyopanda kooni kwake. Nikajikuta natamka jibu kimoyomoyo, kama ni mimi niliyeulizwa.

"Ninaitaka," alisema. "Ninaitaka nafasi hiyo." Halafu, kwa sababu hawezi kujizuia: "Samahani nimepaza sauti."

Nikalia, sioni haya kusema. Clifford alijifanya anasoma bei ukutani. Mzee wa kwanza kwenye foleni akavua kofia.

"Hongera sana, mpenzi. Na mimi nipe ya kuku, kama haitakuwa taabu."

Siku hizi Gaynor huja dukani Jumamosi tu. Jumamosi ya kwanza baada ya masomo kuanza nilimuuliza darasa likoje.

"Nimekaa mbele," alisema. "Kushoto kwangu kuna viti viwili, hakuna mtu. Siku ya kwanza nilivitazama sana. Siku ya pili nikaweka koti langu kwenye kimoja."

"Vizuri."

"Kimebaki kimoja, mpenzi."

Alikuwa ananitazama mimi. Nikamwambia aache maneno, foleni imefika mlangoni. Lakini jioni nilimpigia simu Clifford, nikamuuliza mtu huandikaje kukiuliza chuo viti vingapi vimebaki.