Nilimtolea Mama Kevo wa Kinoo kibao chake nikidhani namsaidia

Wakuu, niaje. Hii stori ni yangu mwenyewe na sijaitia chumvi. Ningekuwa na uwezo ningeifanya iwe ya mtu mwingine.

Mwaka jana nilihama Dagoretti Corner nikaenda Kinoo. Nafanya printing huko tao, katikati ya jiji: banner, stickers, kadi za harusi, programme za mazishi. Kumbukeni hiyo kazi, maana ndiyo iliyoniponza.

Ukihamia mahali hujui mtu, unaanza na wenye biashara. Dagoretti Corner nilijulikana mpaka na paka wa butchery. Kinoo nilikuwa tu "boss" na "customer", na hiyo kitu ilinikula kuliko nilivyotarajia.

Basi kila jioni nikishuka stage, nilikuwa nanunua kitu kwa mtu tofauti, hata kama sikihitaji. Hivyo ndivyo nilivyomjua Njoro, fundi wa viatu, anayekushonea soli huku akikuhubiria siasa. Nikamjua jamaa wa mahindi choma. Nikajua pia kinyozi yupi ananyoa vizuri na yupi anakuachia ramani kichwani.

Na nikamjua mama mboga. Kibanda chake kinatazamana na cha Njoro. Juu kulikuwa na kibao cha mbao, kimeandikwa kwa mkono na rangi nyekundu ya mafuta: MAMA KEVO GROSERIES.

Hiyo S iliyokaa mahali pa C ilinikera, wakuu. Kutwa nzima kazini narekebisha spelling za watu, siwezi kuona kitu kama hicho nikapita tu.

Siku ya kwanza nilimwita nikiwa bado ng'ambo ya barabara, "Mama Kevo, sasa." Aligeuka haraka, kisu cha kukatia sukuma mkononi, akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka tulijuania wapi. Kisha akacheka, akauliza anikatie ya ngapi.

Tangu siku hiyo nikawa customer wake. Kila jioni naita kutoka mbali, naye ananichagulia nyanya ngumu na kunitupia dania juu yake.

Siku moja nikamtania kuhusu ile spelling, nikamwambia nitamtengenezea banner ya maana. Akasema, "Hiyo wacha tu ikae hivyo." Nikadhani anaona haya kupewa kitu cha bure.

Kitu ambacho sikuwa nimenotice ni kwamba nilikuwa peke yangu kumwita hivyo. Wengine walimwita mathe. Wa kanisa lake walimwita Sister. Mgeni haoni mambo kama hayo.

Njoro ndiye aliyeniambia, mwezi wa tano nikiwa pale. Alikuwa anatia gundi kiatu changu na hata hakuinua macho.

"Buda, huyo Kevo alishaenda. Gari ilimgonga hapo Waiyaki Way akivuka. Huku mathe hatumwitangi hivyo tena."

Ilikuwa imepita miaka miwili. Mtoto mmoja tu, alikuwa Form Three. Watu wa stage waliacha kulitaja jina hilo, mmoja baada ya mwingine, wasije wakamtonesha kidonda.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuona. Miezi mitano nimekuwa nikimpigia mama wa watu kelele kwa jina la marehemu, tena nikicheka.

Kesho yake nilimsalimia kwa adabu, "Mathe, habari ya jioni." Akaitika. Alikuwa amepoa kidogo, nikadhani ni biashara imekuwa mbaya.

Lakini kibao bado kilikuwa pale juu. Nikajiambia huyu mama anasimama kila siku chini ya jina la mtoto wake, na hakuna mtu amekuwa na roho ya kumtolea. Mimi nina mashine. Nikamtengenezea banner full colour, nyanya na karoti pembeni: BARAKA FRESH GROCERIES. Spelling safi kabisa.

Wikendi moja alikwenda ushago, kwao Vihiga. Mimi na Njoro tukapanda, tukang'oa misumari, tukafunga banner. Kibao kilikuwa kimeanza kuoza pembeni. Jamaa wa mahindi akauliza kama ni cha kutupwa.

Nikamwambia chukua.

Jumatatu nilitoroka kazi mapema nikamwone akifurahi.

Nilimkuta ameketi kwenye kreti. Alinishukuru kabla sijafungua mdomo. Alishukuru vizuri, akasema rangi zimetoka poa na watu wameisifu. Kisha akauliza kile kibao kilienda wapi.

Nikamwambia ukweli.

Aliangalia lile jiko la mahindi. "Kevo ndiye aliandika. Alikuwa class six. Alikataa nimwonyeshe spelling."

Akaanza kupanga vitunguu ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

"Na ni wewe tu ulikuwa umebaki unaniita jina yangu. Nilijua siku moja watakuambia."

Wakuu, mimi ni mwanaume mzima na nilichutama kwenye lundo la kuni la mtu wa mahindi, nikipekua huku machozi yananitoka mbele ya stage nzima. Nilipata kipande kimoja kama kiganja, kimeungua upande mmoja. Kilikuwa na herufi mbili, S na E. Ile S yangu.

Nilimpelekea. Akakipangusa masizi kwa leso, akakitia kwenye mfuko wa aproni. Nikamwambia naweza kumwandikia kingine vilevile, rangi ileile, na makosa yake.

"Hapana. Hiyo itakuwa mwandiko yako."

Hiyo ndiyo sentensi ninayobeba kwenda kazini kila asubuhi.

Nilichojifunza ni kwamba tulidhani kunyamaza kwetu ni heshima, kumbe tulikuwa tunamnyang'anya huyu mama mtoto wake mara ya pili. Na ukihamia mahali, usirekebishe kitu kabla hujauliza nani alikiandika.

Nimerudia kumwita kama zamani, kutoka ng'ambo ya barabara. Jioni ya kwanza Njoro alinitolea macho. Mama Kevo mwenyewe aliitika. Siku hizi hata Njoro ameanza, ingawa anaita chini chini.

Semeni na nyinyi hapo chini, hata kama ni kunitukana, nimestahili. Kama kuna mzazi unayemjua aliyezika mtoto, siku hizi unamwitaje?

Na mkipita Kinoo mkaona banner ya Baraka, huyo mama haitwi hivyo. Mwiteni Mama Kevo.