Kanda ya Ghubari

Juzi nilikwenda Khuwair ya Kusini kubadilisha kioo cha simu. Duka lenyewe dogo, kijana mmoja kainamia meza, mkononi bisibisi nyembamba kama sindano. Nyuma yake kompyuta ilikuwa ikipiga muziki: gitaa zito linalotambaa, pigo la ngoma hapa, jingine huko mbali. Katikati ya gitaa ikatoka sauti ya mtoto, mdomo umefumbwa, akivumisha wimbo usio na maneno. Nikasogea mezani. Nikamwuliza yule kijana anasikiliza nini. Akanitajia bendi ya watu wa nje kabisa ya Ghuba, kisha akasema kwa Kiarabu, "Lakini sauti hii wameichukua hapa hapa Maskati, kwa bendi ya zamani. Wewe hutoijua." Nikamwambia sawa. Nikakaa kitini kusubiri simu yangu.

Basi nikueleze wewe, maana wewe si mgeni, na kama ulikulia Maskati miaka ya tisini utakumbuka Ansab ilivyokuwa. Mawe, vumbi, na nyumba zilizosimama nusu nusu. Yetu ilikuwa mojawapo. Ilikuwa na kuta na dari, lakini haina madirisha wala umeme, na sakafu yake ya saruji ilikuwa ikiwaka moto hata kivulini. Sisi wakati huo tukikaa Khuwair kwenye fleti, na kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri mjomba wangu, mdogo wake mama wa mwisho, alikuwa akinichukua tukaenda Ansab. Mama alikuwa zamu hospitali, bibi akilala, na mtoto wa miaka kumi na mbili, alisema bibi, hawezi kuachwa fletini peke yake akahesabu nzi.

Bibi hakujua mjomba anafanya nini huko. Akidhani anasimamia mafundi. Akitufungia sambusa na vitumbua kwenye kitambaa, na chupa ya chai ya tangawizi, akisema, "Wape na mafundi, msile wenyewe." Na kweli fundi alikuwepo. Alikuwa Mkenya, fundi wa viyoyozi, bonge la mtu mwenye sauti ndogo, aliyekuwa akipiga dramu kanisani kwao kabla hajaja Maskati. Alipiga dramu, mjomba akapiga gitaa na kuimba, na kijana wa jirani yetu akapiga gitaa la besi. Hao ndio Ghubari. Jina walilipata siku moja vumbi lilipoingia kwa madirisha yasiyokuwepo wakashindwa kuonana.

Mwanzoni walipiga mbio, kama bendi za kwenye kanda walizokuwa wakiletewa na marafiki kutoka nje. Kilichowageuza ni betri. Walikuwa na redio ya kaseti ya betri, ndiyo wakijifunzia, na siku moja betri zikawa zinakufa. Kanda ikaanza kuzunguka kwa kujikokota. Gitaa la yule mpigaji wa kwenye kanda likashuka likawa kama lori linalopanda mlima, na sauti yake ikawa ya kiumbe kisichokuwa mtu. Jirani alitaka kuizima. Fundi akamzuia.

"Wacha hivyo, sheikh," alisema. "Hii ngoma ikikimbia haiogopeshi mtu. Kwetu ukizika mtu huwezi kukimbia."

Tangu siku ile wakapiga hivyo. Baadaye nilikuja kujua kwamba ulimwenguni upo muziki wa namna hiyo, tawi la ule muziki wa magitaa mazito uitwao metali, wenyewe wakiuita doom, yaani maangamizi. Lakini wale watatu waliufikia kwa betri zilizokufa. Walivuta waya wa umeme kutoka nyumba ya pili, wakaleta spika mbili kubwa, na mara ya kwanza mjomba alipopiga ule mpigo mmoja mzito akauacha ulie, niliuhisi nyayoni kabla sijausikia. Nilidhani kuna kitu chini ya sakafu, kilicholala tangu kabla ya Ansab kuwa Ansab, na sasa kimeambiwa amka. Mjomba naye akiimba alikuwa akikoroma, sauti ya ng'ombe wa Idi kisu kikishapita. Mjomba wangu huyo huyo aliyekuwa akinimenyea machungwa. Nilikuwa nikimtazama usoni nihakikishe bado ni yeye.

Wimbo nao ulitoka jikoni kwetu. Bibi, kila alipochagua mchele, alikuwa akivumisha kitu ndani ya mdomo. Midomo imefungwa kabisa, wala kifua hakipandi. Ungeweza kusimama mlangoni usisikie, mpaka utege sikio. Ukiingia tu, ananyamaza na kukwambia ukamletee ungo wa pili. Mimi niliukamata wimbo ule nikiwa koridoni, kidogo kidogo, kwa miaka, bila kujua kwamba ninaukamata.

Alhamisi moja walikuwa wamepumzika, wanakula sambusa, nami nafagia vumbi kwenye ngazi nikiuvumisha. Fundi akaacha kutafuna.

"Huyo msichana anaimba nini?"

"Wimbo wa bibi," nilisema.

Mjomba akaniambia niurudie, safari hii mbele ya kinasa sauti. Nikaurudia. Kisha wakaupunguza mwendo kama walivyopunguza kila kitu, na sauti iliyotoka haikuwa yangu tena. Ulisikia ni mtoto, lakini mzito kama mkubwa. Ilikuwa kama ya mtu aliyefukiwa anayejaribu kutopiga kelele. Hakuna aliyecheka. Jirani alisimama akaenda nje. Mjomba akaiweka katikati ya wimbo wao mrefu kuliko zote, pale gitaa linapokaribia kufa.

Walirekodi kanda moja tu. Wakanakili chache wakawagawia marafiki, na marafiki wakanakili zao, na kanda zikashika njia: Sohar, Dubai, Bahrain, kwa wanafunzi, kwa marubani, kwa watoto wa watu. Hazikuwa na jina la mtu yeyote, ila neno Ghubari kwa kalamu ya wino.

Mwaka uliofuata ikaingia shuleni kwetu.

Niliisikia kwanza kama khabari. Wasichana walikuwa wamekusanyika kwenye bomba la maji, mmoja akasimulia kwamba kaka yake ana kanda ambayo ndani yake kuna sauti ya msichana aliyechukuliwa na mafuriko ya wadi, lile bonde kavu linalojaa maji mvua ikinyesha, huko Ansab. Mwengine akasema si wa wadi, ni wa kijini, na ukiisikiliza peke yako anakuja kukaa ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa nimesimama pale na chupa yangu ya maji. Unielewe: nilijua kabisa ni mimi. Lakini usiku ule nililala na taa, na nikauhamisha mto wangu kutoka ukingoni. Nilijiogopa mwenyewe. Nikaacha kuimba. Nikaacha hata kusoma kwa sauti darasani, nikisema koo linauma, kwa hofu kwamba neno moja litatoka vibaya na wote watageuka.

Mwalimu wetu wa dini alikuwa mwanamke mpole, anayenukia miski, na hakuwahi kumpiga mtu. Siku moja aliingia uso umemwiva. Akatuambia kuna kanda inayopita, ina mambo ya kishetani, na anayeijua asili yake aseme. Kisha akataka tusome sura, mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nilisimama, na kile nilichokikimbia wiki nzima kikatokea. Nikaanza aya ya kwanza kwa sauti ya chini, nzito, ya kujikokota. Wasichana wote wakageuka. Mwalimu akaweka kitabu chini taratibu.

Hakuniuliza kitu mbele za watu. Baada ya kipindi aliniita ofisini, akaniuliza kama nyumbani kwetu kuna anayepiga gitaa. Kila mtu alikuwa akimjua mjomba na nywele zake ndefu. Akaniambia kesho nije na mzazi.

Mama alikuwa kazini, kwa hiyo alikuja bibi. Alivaa baibui lake la kutokea na kunishika mkono njia nzima, akidhani nimepigana. Ofisini mwalimu alimpa kiti, akamsalimu vizuri, akatoa kanda mkobani.

"Mama," alisema, "mimi mwenyewe naogopa. Mdogo wangu anaisikiliza hii usiku kucha. Halali, hasemi na mtu. Nataka kujua ni kitu gani kimeingia nyumbani kwetu."

Akabonyeza. Gitaa la mjomba likatoka kwenye kile kiredio kidogo, limekuwa jembamba, lakini bado bibi alijisogeza kitini. Alisikiliza kwa subira, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa akieleza ugonjwa wake. Kisha ikaja sauti.

Sijapata kuona uso wa mtu ukifanya vile. Damu yote ilishuka. Akageuka kuutazama mlango, si mwalimu wala mimi, ni mlango, na mkono wake ukanikamata begani ukanivuta chini, kana kwamba anataka niingie mvunguni mwa kiti.

"Zima," alisema kwa Kiswahili. Mwalimu hakuelewa. "Zima, mwanangu, zima."

Nilinyoosha mkono nikazima mimi.

Mwalimu akauliza kwa upole, "Sauti hii unaijua, mama?"

"Naijua," alijibu bibi kwa Kiarabu. "Yangu."

"Hii ni ya mtoto."

"Basi nlikuwa mtoto." Akasimama. "Kijana wako mpe kazi ya mchana achoke, na umsomee. Wala hana jini. Ana huzuni."

Na mwalimu, ambaye aliniona mimi na kumwona yeye, na naamini alielewa robo tatu, hakuthubutu kumwita mwanamke yule mwongo. Alitusindikiza mpaka langoni.

Nyumbani bibi alivua baibui, akaenda jikoni, akamwaga mchele kwenye ungo akaanza kuchagua, na mawe yakimponyoka. Mjomba alipoingia akamkuta hivyo. Aliniangalia, akajua.

"Mama," alisema.

"Kaa." Mjomba akakaa chini, na miguu yake mirefu. "Siku za mapinduzi, Unguja, nlikuwa chini ya ngazi na dada yako, hata miaka miwili hajatimia. Watu wako juu, wanafungua makabati. Mtoto akitaka kulia. Nkamziba kwa kifua, nkamvumishia. Nkauvumisha mule ndani ya mdomo, yeye ausikie mfupani na mwengine asisikie." Akaokota jiwe, akalitupa. "Wimbo ule nliufanya usisikike. Nyie mmeutia spika."

Mjomba alifunika uso.

"Mama, mbona hukutwambia?"

"Nkwambieni ili iweje? Nkajua mambo yale yamekwisha. Leo pale nkasema, wamekuja."

Ghubari haikupiga tena baada ya hapo, ingawa hakuna aliyewakataza. Mjomba alijaribu kuzikusanya kanda, akazunguka kwa marafiki, akapata chache, na kila aliyempa alikuwa keshanakili. Fundi mkataba wake ulikwisha akarudi Kenya. Alikuja kuaga, akala kwa bibi, akamwambia, "Mama, tusamehe, hatukujua," na bibi akamfungia vitumbua vya safari. Jirani akaenda kusoma ng'ambo. Mjomba alikata nywele, akapata kazi wizarani.

Lakini kanda haikujua kwamba bendi imekufa. Miaka ya elfu mbili ilipoingia, vijana Dubai na Bahrain walikuwa wakipiga taratibu vile vile, na katikati wakiweka sauti ya mtoto, wakadhani ndiyo kanuni ya muziki wenyewe. Watu wakawa wanampigia simu mjomba, naye akiwaambia wamekosea namba. Mara moja walikuja vijana watatu kwa gari kutoka nchi ya jirani, wamevaa nyeusi kwenye jua lile, wana adabu, wakaketi sebuleni kwetu kama wamefika ziara. Mkubwa wao akamwuliza mjomba, mtoto yule ni nani, yu hai? Mimi nilikuwa nimeshika sinia la halwa. Mjomba hakunitazama. Bibi, aliyekuwa kwenye kochi lake, akasema, "Kunyweni kahawa inapoa," na walikunywa, wakashukuru, wakaondoka.

Bibi aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Alipika, aligombana na muuza samaki aliyetoka kijiji cha Yiti, alinioza. Ila jikoni alichagua mchele kimya. Nilikuwa nikisimama koridoni, mtu mzima na kazi yangu, nikitega sikio, na nikisikia mchele tu ukigonga ungo. Tangu siku ile ya ofisini hakuuvumisha tena, na sikuwa na uso wa kumwomba. Tulimzika asubuhi moja ya joto, na mama, ambaye ndiye aliyeimbiwa, alipoulizwa alisema hakumbuki hata sauti moja.

Binti yangu alipozaliwa hakuwa mtulivu. Alasiri moja alilia mpaka akapoteza pumzi, nikamlaza kifuani, nikafumba mdomo, nikatafuta wimbo wa bibi. Nikaupata. Lakini ulikuja ule wa Ansab, mzito, umepunguzwa, kila noti imechelewa. Nikajaribu kuuharakisha, urudi ulivyokuwa jikoni, ukakataa. Sikuwa na mwengine. Mtoto aliacha kulia, akainua kichwa, akanitazama kwa macho makubwa makavu. Kisha akaanza kulia upya, kwa namna nyingine, na kunisukuma kwa viganja vyake viwili.