Mtoto Waliyemwita Pasta

Jeska hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, kwenye foleni za maji, na huko mnyonge hana haki wala ndoo. Amani iliporejea akarudi Burundi na mumewe Elikana, wakawa wanalima muhogo kwa mama yake Elikana, Kasilda, huko Buhinyuza.

Mtoto wao Fredi alipokaribia miezi mitano alianza kuinama. Akiamka tu, kichwa kinashuka, mikono inatanuka, anatulia. Kisha tena, na tena. Kasilda alifurahi kweli. "Huyu mutoto iko anaomba," alisema, na kila mtoto alipoinama bibi alijibu, "Amina." Majirani wakamwita Pasta. Hata Jeska alicheka, na kicheko hicho kilimwuma baadaye, maana Fredi mwenyewe aliacha kucheka. Ukimwita, macho yanapita juu ya bega lako.

Hapo utani ukageuka kesi. Kasilda akatangaza kwamba Jeska aliondoka Tanzania bila kuaga kaburi la baba yake, na sasa marehemu anamwinamisha mjukuu. Wakaitwa watu wa maombi. Jeska aliwasikiliza huku akimfunga mtoto mgongoni.

"Baba yangu alinipenda," alisema. "Msimsingizie." Akashika njia ya Gitega, kwenye hospitali kubwa.

Daktari, mama mmoja mfupi, alimwona Fredi akiinama, akaweka kalamu chini. "Hii haiko maombi, mama. Ni kifafa ya watoto wachanga." Akamulika ngozi kwa taa, akitafuta mabaka meupe ya ugonjwa wa kuzaliwa nao. Hakuyaona. Akauliza kama mtoto aliwahi kushikwa na homa kali, kama kwao kuna wenye kifafa. Hapana. "Bon. Wakati alizaliwa, alilia palepale?"

Jeska alimsimulia. Uchungu ulimshika alfajiri, Kasilda akakataa asipelekwe kituo cha afya, kwa kuwa wanawake wa ukoo ule huzalia nyumbani. Walimpeleka jioni, amekwisha zidiwa. Fredi alitoka amelegea, rangi imemgeuka, wakamsugua na kumpulizia kwa muda mrefu ndipo akalia.

"Ubongo ilikosa hewa," daktari alisema. "We huna kosa." Akampa dawa, na hakumficha: huenda ikazuia kule kuinama, lakini hakuweza kuahidi kwamba macho ya mtoto yangerudi kumtazama mama yake.

Jeska alimkuta Kasilda uani na watu wake wa maombi. Angeweza kummaliza mbele yao kwa neno moja, na ulimi ulimwasha. "Alichelewa kulia," alisema, akimtazama mavyaa wake usoni. "Ndiyo sababu. Kaburi halimo." Kasilda aliikumbuka vizuri siku ile ya kujifungua.

Jeska akampakatisha mtoto. "Mshike, mama. Dawa utampa wewe nikiwa shambani. Na akiinama, usiseme amina. Niite."