Kumsaka Mdudu Sugu Kwa Mama Manka

Sababu ya safari ilikuwa usaha. Kazi yangu maabara ni kukaa mbele ya kompyuta na kusoma majibu ya vipimo vya watu, na wiki ile niliona jambo: wagonjwa watano, wote wana vidonda vya vidole vya miguu, wote mdudu mmoja, yaani bakteria. Antibiotiki zinazomuua na zisizomuua zilikuwa zilezile kwa wote watano, kama watoto wa baba mmoja. Kwenye sehemu ya makazi wote waliandikisha: Kariakoo, kwa Mama Manka. Nikajisemea, hiyo nyumba chafu. Bosi akanituma niikague kabla hajaja wa sita.

Saa mbili asubuhi nilipanda basi la mwendokasi Magomeni nimevaa gambuti za mpira, kwenye jua la Dar, kwa sababu nyumba nilishaiona kichwani: maji taka uani, vyumba kumi, choo kimoja. Abiria mmoja aliniuliza kama ninakokwenda kumefurika. Nikamjibu kwa kuringa kwamba niko kazini.

Nilishuka Gerezani, nikakata maduka ya spea kwa miguu mpaka Kariakoo, nikiulizia. Kila mtu alimjua Mama Manka, na kila aliyeona faili langu alianza kukunja turubai. Walidhani nimetumwa na Jiji kuwafukuza wachuuzi.

Kwa Mama Manka si nyumba. Ni duka la vitenge, safi kuliko maabara yetu, na mwenyewe, mama wa Kichagga, amekaa juu ya robota. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akayatazama magambuti yangu. Nikamuuliza hapa wanalala wangapi.

"Hapa halali mtu, mwanangu. Hata mimi nalala Tabata."

Aibu niliyoiona! Kumbe wale watano ni machinga wanaomwachia mizigo jioni. Ukimuuliza machinga wa Kariakoo anapatikana wapi, hakutajii anapolala, anakutajia duka linalomjua.

Saa nne Mama Manka alinionea huruma, akanipa stuli na soda, akaniambia nivue hayo madude nipumue. Ndipo akapita Shaibu, mtu mzima na ndevu zake, anayezunguka sokoni na beseni, sponji na rangi, akiwasafisha wanawake kucha madukani mwao, na machinga palepale barabarani. Sijamaliza kumweleza kwamba niko kazini, mguu wangu wa kushoto uko ndani ya beseni. Raha niliisikia, sidanganyi. Kisha akajisifu kwamba mkasi wake haupumziki, sasa hivi umetoka kwa mteja mwenye kidonda.

Mguu ulitoka wenyewe. Nikamsomea majina ya wagonjwa wangu. Hakujua hata moja. Lakini nilipotaja kidole gani, upande gani, aliwakumbuka wote: yule wa kucha iliyozama, yule mwenye gaga kisiginoni. Wote wateja wake, wote mkasi mmoja.

"Na mama hapa," akasema. "Gumba la kulia."

Mama Manka akavuta kitenge kufunika mguu. Nikakifunua. Kidole kimevimba mpaka kinang'aa, amekimwagia unga wa kapsuli za antibiotiki, zile za rangi mbili, na akakiri kwamba ana kisukari. Niliogopa kweli. Nikamwambia kapsuli hizo mdudu huyu hazimtishi, orodha ninayo. Akasema kapsuli zake anazijua, na duka haliachi mwisho wa mwezi. Nikapiga magoti pale kwenye vitenge.

"Mama, kitakatwa kidole. Baada ya kidole, mguu."

Shaibu ndiye aliyemaliza ubishi. Alimwaga maji ya beseni mtaroni, akaanza kuteremsha mlango wa duka, machozi yakimtiririka ndevuni.

Saa sita tulirudi maabara watatu kwa bajaji, usaha wake ukachukuliwa. Baada ya siku tatu majibu yakatoka: mdudu yuleyule. Ila dawa moja bado ilimweza. Mama Manka alichomwa sindano kwa wiki nzima, akinilaumu kila siku kwa ajili ya duka, na kidole chake kikabaki.

Nilichojifunza ni kwamba kompyuta inawajua waliofika maabara tu. Waliojinunulia kapsuli wakanyamaza, haiwajui. Shaibu aliwajua kwa miguu. Tulizunguka naye siku mbili, bila beseni, akinionyesha: hapa kidole cha pili, pale kisigino. Tuliwapata watatu, wakakubali kupimwa. Mlango wa nne ulikuwa Ilala, chumba cha uani. Hapo Shaibu hakubisha hodi. Alitoa ufunguo mfukoni, akafungua, akamwambia mkewe anionyeshe mguu.